Shaba haing'ai, inageuka waridi, inapasuka: kutatua matatizo ya pipa la kusugulia

Mafundi wengi wa Lubumbashi wanaotengeneza vitu vidogo vya shaba wamejijengea pipa la kusugulia. Ni bidoni nene la plastiki au chombo cha mpira kilicholazwa juu ya vyuma viwili vinavyozunguka, kikisukumwa na mota iliyotolewa kwenye mashine kuukuu ya kufulia. Ndani yake wanatia vikuku, misalaba midogo ya mfano wa ile ya kale ya Katanga, vishikio vya funguo, vifungo vya mikanda na koki kuukuu zilizonunuliwa kwa kilo, pamoja na kitu cha kuvisugua. Pipa linazunguka, fundi anaendelea na kazi nyingine, jioni anafungua. Hapo ndipo malalamiko yanapoanza, na kutoka Katuba hadi Ruashi ni yaleyale.

Nimeyapanga hapa kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea mara nyingi na ukaguzi usiohitaji chombo chochote, ndipo tunaingia ndani zaidi. Nikisema shaba nyekundu nina maana ya shaba tupu. Shaba ya njano ni ile iliyochanganywa na zinki.

Anayelalamika kwa kawaida huilaumu mota au mwendo. Mimi huomba kwanza kuona alichokitia pipani pamoja na shaba, kwa sababu kosa hukaa hapo. Kisugulio huchaguliwa kwa kuangalia uchafu ulio juu ya kitu na umbo la kitu chenyewe. Bei na urahisi wa kukipata huja baadaye.

Visugulio tulivyonavyo

Ufundi huu hutumiwa sana na watu wa Marekani na Ulaya wanaojaza upya risasi za uwindaji na za kulenga shabaha. Ganda la risasi ni shaba ya njano, asilimia 70 shaba na 30 zinki, na lazima lisafishwe kabla ya kutumika tena. Wao hutumia maganda ya kokwa za jozi yaliyosagwa kwa uchafu mgumu, magunzi ya mahindi kwa kung'arisha, na vijiti vya inoksi, yaani chuma cha pua, ndani ya maji yenye sabuni kwa kusafisha mpaka ndani ya matundu. Mantiki hiyohiyo inafaa kwa kikuku au kishikio cha ufunguo.

Magunzi ndiyo mali yetu ya kwanza. Mji unaokula bukari, ugali wa mahindi, kila siku hauwezi kukosa magunzi. Yakaushe juani mpaka yavunjike kwa mkono, yasagwe, kisha yachekeche upate punje za milimita 1 hadi 2. Unga unaopita kwenye chekecheo usiurudishe pipani. Gunzi hunywa mafuta na kung'arisha taratibu, lakini haling'oi weusi wa moto.

Jozi hatuna, ila tuna mawese. Maganda magumu ya kokwa za mawese yakisagwa hutoa punje zenye pembe zinazokata vizuri kuliko gunzi. Shida yake ni mafuta. Yachemshe kwa maji yenye sabuni, yasuuze, yakaushe kabisa, vinginevyo utakuwa unapaka shaba mafuta badala ya kuyatoa.

Vijiti vya inoksi hufanya kazi ndani ya maji tu. Vya kawaida vina unene wa milimita 1.2 na urefu wa milimita 6.5 hivi. Ni ghali na huwa vya kuagizwa, lakini havichakai kwa miaka. Ukivikata mwenyewe kutoka kwenye waya wa inoksi, vizungushe peke yake kwa saa kadhaa kwanza ili ncha zipoteze ukali.

Vipande vya seramiki vya pembetatu ni vya kuondoa kingo kali zilizoachwa na kalibu. Baada ya seramiki lazima uje na kitu laini, kwa sababu huacha uso usio na mng'ao.

Mchele mkavu unafaa ukikosa gunzi, na hapo mwisho wake. Ukipata unyevu unageuka uji. Mchanga wa mto nausema ili uuepuke. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs mchanga una 7, shaba ya njano ina 3 hadi 4, kwa hiyo kila punje ni kisu. Gololi za beringi nazo zinavutia kwa umbo, lakini si inoksi. Ndani ya maji yenye asidi zinaanza kutu mapema, na kutu hiyo inaleta balaa nitakaloeleza kwenye dalili ya pili.

Dalili ya 1: Vimezunguka saa nyingi na bado ni vyeusi au vimefifia

Anza na mafuta. Mafuta ya mkono, grisi ya koki, mafuta ya kalibu: yakiingia pipani yanapaka kila punje, na punje zinayarudisha juu ya shaba. Dondosha tone la maji juu ya kitu. Likijikunja na kusimama kama shanga, mafuta yapo. Maji yakitandaa utando mmoja bila kukatika, uso ni safi. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, ndipo utie pipani. Hatua hii peke yake huondoa nusu ya malalamiko ninayoyasikia.

Sababu ya pili ni kujaza mno. Kitu kinasuguliwa pale mzigo unapoteleza kwenda chini. Pipa likijaa hakuna kinachoteleza. Shaba na kisugulio kwa pamoja vifike nusu ya pipa au zaidi kidogo, visipite asilimia 60. Kwa kazi ya maji na vijiti, kipimo kinachojulikana ni kilo 2.3 za vijiti kwa kilo 0.9 ya shaba na lita 3.8 za maji. Pipa lako likiwa dogo, punguza vyote kwa uwiano huo.

Ya tatu, kisugulio kimechoka. Gunzi lililokuwa la rangi ya mchanga limekuwa jeusi na linanuka mafuta, au punje zimepoteza pembe na kuwa unga. Lichekeche. Vipande vya kitambaa chenye unyevu kidogo, vikizungushwa humo kwa dakika 20, hubeba vumbi na kurefusha maisha yake, lakini gunzi jeusi tii libadilishe tu.

Ya nne ndiyo wanayoisahau waliotoka kuyeyusha. Shaba nyekundu iliyopita motoni ina ngozi mbili: nyeusi juu, nyekundu ya kiza chini yake. Gunzi litaling'arisha lile jeusi badala ya kuliondoa, na utapata kitu cheusi kinachong'aa. Hapa inahitajika asidi ya limau, ile ya unga mweupe. Yeyusha gramu 50 katika lita moja ya maji ya vuguvugu, zamisha vitu kwa dakika 10, piga brashi, suuza. Baada ya hapo ndipo vijiti vya inoksi viingie na maji, kijiko cha chai cha sabuni na robo kijiko cha asidi ya limau kwa kila lita 4. Fungua na kuangalia kila baada ya saa moja. Kwa kawaida saa 1 hadi 3 zinatosha.

Mwendo ni wa mwisho. Chora alama kwa chaki kwenye pipa na uhesabu mizunguko kwa dakika moja. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 30 likifika mizunguko 77 hivi, nguvu ya mzunguko inaubana mzigo ukutani na hakuna kinachosuguana tena. Mizunguko 25 hadi 35 ni mizuri. Sikiliza pia: mtiririko usiokatika ni dalili njema, kishindo cha kupanda na kuanguka ni dalili ya mwendo mkali au mzigo mdogo.

SIMAMA HAPA: weusi ukibaki hata baada ya kurudia asidi ya limau mara mbili, usirukie asidi ya betri wala asidi ya nitriki. Nitriki ikigusa shaba hutoa moshi wa kahawia. Mtu anaweza kuuvuta, akajisikia mzima, akaenda kulala, kisha mapafu yakajaa maji baada ya saa kadhaa. Peleka kazi hiyo kwa mwenye karakana iliyo na bomba la kutolea moshi na ujuzi wa asidi. Na aliyekwisha kuuvuta moshi huo aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama hasikii kitu.

Dalili ya 2: Shaba ya njano imetoka na rangi ya waridi

Hii ndiyo inayowatisha watu kuliko zote. Mtu ametia vifungo vya njano kama dhahabu, ametoa vifungo vyenye mabaka ya waridi, anadhani ameuziwa chuma kilichopakwa rangi. Shaba yake ni halisi. Kilichotokea ni kwamba asidi imekula zinki ya juu na kuacha shaba nyekundu peke yake, au shaba iliyoyeyuka majini imerudi kujibandika juu ya kitu. Zinki ile iliyochimbwa Kipushi kwa miaka mingi ni wepesi kuondoka. Shaba ndiyo hubaki.

Angalia kwanza asidi uliyotia. Wengi wanakamua ndimu bila kupima, halafu wanaongeza "kidogo tu" maana maji hayachomi ulimi. Ladha haipimi asidi, na ndimu hazilingani ukali, kwa hiyo ukiweza kupata asidi ya unga tumia hiyo na uipime kwa kijiko. Mchanganyiko wa siki na chumvi ni mbaya zaidi. Unang'arisha kwa dakika chache mpaka mtu anashangilia, kisha unatafuna, na chumvi iliyobaki kwenye vitundu huleta kutu ya kijani baada ya siku chache.

Kisha angalia muda. Pipa likiachwa lizunguke usiku kucha, robo kijiko nayo ina muda wa kutosha wa kuharibu. Umeme ukikatika ni hatari zaidi, maana vitu vinabaki vimezama bila kusogea na asidi inafanya kazi upande mmoja. Umeme ukienda na huna hakika utarudi lini, fungua, mwaga maji, suuza. Usingoje.

Sababu ya tatu imejificha: chuma. Skrubu ndani ya koki, springi, msumari ulioanguka, gololi za beringi, au pipa lenyewe la chuma lililochubuka rangi ndani. Chuma kikikutana na shaba iliyoyeyuka kwenye asidi, shaba inatoka majini na kujibandika, na vitu vilivyo jirani vinachafuka. Kuna jaribio dogo linaloonyesha jambo hili vizuri. Chukua msumari mpya, usugue kwa msasa mpaka ung'ae, uning'inize ndani ya maji yaliyokwisha kutumika kwa dakika 10. Ukitoka na ngozi nyekundu, maji yale yamejaa shaba na hayafai kutumiwa tena. Kwa kuzuia, pitisha sumaku juu ya kila kitu kabla hakijaingia pipani. Kinachovutwa kitenge.

Kurekebisha: utando wa waridi huwa mwembamba. Kausha vitu, vizungushe na magunzi makavu yaliyotiwa kijiko kimoja cha unga mwekundu laini wa kung'arishia, kwa saa 2 hadi 4. Vingi hupona. Lakini ukikwaruza kwa ncha ya kisu na waridi likaendelea ndani, au uso ukawa laini na wenye vinyweleo, zinki imetoka kwa kina na nguvu ya kitu imepotea. Kwa kishikio cha ufunguo ni hasara ya sura tu. Kwa koki au kiungo chochote kitakachobeba maji au gesi, usikirudishe kazini kamwe, kiyeyushwe.

Dalili ya 3: Vinatoka vinang'aa, baada ya siku moja vina madoa

Kosa hapa linatokea baada ya pipa. Shaba iliyosafishwa haina ngozi ya kujilinda, kwa hiyo saa ya kwanza nje ya pipa ndiyo inayoamua itakavyoonekana mwezi ujao.

Kusuuza nusunusu ndiko sababu kubwa. Sabuni na asidi hubaki kwenye pembe na matundu. Suuza mara tatu: maji safi, kisha maji yenye kijiko cha chai cha bikarbonati (soda ya kuokea) kwa lita moja ili kuua asidi, kisha maji safi tena. Maji yetu ya visima hupita kwenye mawe ya chokaa na huacha alama nyeupe yakikauka juu ya shaba. Hizo si kutu. Kama alama ni nyeupe na zinatoka kwa kitambaa chenye siki kidogo, ni chokaa. Dawa yake ni kutumia maji ya mvua kwa suuzo la mwisho. Masika yakianza, weka pipa safi chini ya bati, uache mvua ya kwanza ioshe bati, kisha ukinge.

Usiache vitu vikauke vyenyewe juani. Kila tone linalokauka linaacha duara. Vifute, halafu vizungushe na magunzi makavu na safi kwa dakika 15 au 20. Gunzi litanyonya maji hata kwenye kona. Kukaushia juu ya mbabula, jiko la makaa, pia hapana, kwani shaba ya njano ikipata joto kali hubadilika rangi, na kazi yote inarudi mwanzo.

Vidole. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole itaonekana wazi baada ya siku mbili. Vaa glavu au shika kwa kitambaa. Usifunge vifurushi kwa raba. Raba ina salfa na shaba itapata mstari mweusi palepale ilipogusa. Kwa vitu vya kuuza, pasha kitu kiwe vuguvugu, paka nta ya nyuki kiasi cha kuonekana hakipo, futa kwa kitambaa cha pamba. Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, bila nta vikuku vya shaba nyekundu huanza kufifia vikiwa bado mezani.

Dalili ya 4: Punje au vijiti vimekwama ndani ya matundu

Punje imelingana na tundu, basi. Pima tundu dogo kuliko yote kwenye mzigo wako: kisugulio kiwe kikubwa kisichoweza kuingia, au kidogo chini ya theluthi moja ya tundu ili kipite bila kujali. Kilicho katikati kitakwama. Vijiti viwili vikiingia sambamba kwenye tundu moja vinabanana vibaya zaidi kuliko kimoja, kwa hiyo pima pia unene wa viwili. Gunzi lililokwama litoe likiwa kavu, kwa sindano butu, ukililowesha linavimba. Usitumie msumari, utakwaruza tundu.

Dalili ya 5: Mikwaruzo, kingo zimegongwa, michoro imefifia

Kwanza, vitu vinagongana vyenyewe. Kisugulio kikiwa kidogo, shaba inapiga shaba. Kwa kazi kavu, kisugulio kiwe mara mbili au tatu ya ujazo wa vitu, na maji yakitumika yafunike mzigo. Usichanganye kitu cha gramu 200 na hereni, maana hereni zitatoka zimekunjika.

Pili, mchanga. Magunzi yaliyokaushwa chini, uani, hubeba changarawe ambazo jicho halizioni. Tia kiganja cha punje ndani ya bakuli la maji na ukoroge: gunzi linaelea, mchanga unazama. Ukiona mchanga chini ya bakuli, gunzi hilo ni la kuoshwa au kutupwa. Kausha magunzi juu ya turubai.

Michoro iliyokatwa kwa mkono isikae pamoja na seramiki hata kidogo. Na vitu vilivyopachikwa malakiti visiingie pipani. Malakiti ina ugumu wa 3.5 hadi 4, kwa hiyo inakwaruzika. Tena ni kabonati ya shaba, inayeyuka ndani ya limau na siki huku ikitoa povu. Ng'arisha shaba kwanza, pachika jiwe mwisho.

Dalili ya 6: Nyufa kwenye shaba ya njano

Usichukulie kwa wepesi. Jeshi la Uingereza nchini India lilihifadhi risasi katika mazizi ya farasi wakati wa masika, na maganda yakakutwa yamepasuka yenyewe. Sababu ilielezwa mwaka 1921: amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi, unyevu, na mkazo uliobaki ndani ya shaba ya njano iliyokunjwa ikiwa baridi. Vitatu hivyo vikikutana, shaba inapasuka bila mtu kuigonga.

Karakana nayo inaweza kuwa zizi la namna hiyo. Dawa nyingi za kung'arishia shaba na za kusafishia vioo zina amonia. Zinuse, harufu inayochoma pua mpaka machozi ndiyo hiyo. Usizitie kwenye kisugulio, hata kijiko kimoja, kwa sababu amonia itakaa na shaba kwa saa nyingi. Usihifadhi vikuku karibu na banda la kuku au mbuzi. Kitu ulichokikunja au kukigonga kikiwa baridi, kitulize kabla ya kukisafisha kwa kukipasha joto la nyuzi 250 hadi 300 kwa saa moja hivi, kisha kiache kipoe polepole. Ufa ukishatokea, hakuna kisugulio kitakachouziba.

SIMAMA HAPA, na hili ni la maisha na kifo. Shaba chakavu inayouzwa kwa kilo mara nyingine ina maganda ya risasi ndani yake. Pengine moja bado ni zima, au fataki yake ya nyuma haijalipuka. Usiitie pipani, usiipige nyundo, usiiyeyushe. Iache ilipo, watoe watoto, ita polisi. Maganda yaliyokwisha kulipuka nayo yana mabaki ya risasi, ile metali nzito yenye sumu, kutokana na fataki. Ukiyazungusha makavu unaijaza hewa sumu hiyo. Mimi siyapokei kabisa kutoka kwa wauza chakavu, na ninakuomba nawe usiyapokee.

Dalili ya 7: Kifuniko kimevimba au pipa linavuja

Kuna gesi ndani. Asidi ikikutana na malakiti, bikarbonati au mabaki ya chokaa, hutoa hewa ya ukaa. Ikikutana na aluminiamu inaweza kutoa haidrojeni, ambayo inawaka. Vizibo na viungo vya aluminiamu huingia kwa urahisi kwenye mzigo wa chakavu, na sumaku haivikamati, kwa hiyo angalia uzito na rangi. Zima mota, geuza uso pembeni, legeza kifuniko kidogokidogo, mbali na moto wowote. Usifunge pipa lenye asidi bila kulifungua baada ya dakika 10 za kwanza. Javeli, dawa ya kupaushia nguo, isikaribie kazi hii hata mara moja. Ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikichanganyika na amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Ukisikia harufu ya javeli imekuwa kali ghafla, toka nje na uache kila kitu kama kilivyo.

Dalili ya 8: Mota inachemka, inanguruma bila kuzunguka, inakupiga

Punguza mzigo, legeza mkanda uliokazwa mno, safisha unga wa magunzi kwenye matundu ya hewa. Zaidi ya hapo si kazi ya fundi shaba. Mota ya mashine ya kufulia mara nyingi ina kapasita inayoweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Pipa likikupa mshtuko hata mdogo, usilikaushe na kujaribu tena. Katiza umeme kwenye swichi kuu ukiwa na viatu vikavu, na uite fundi umeme aweke waya wa ardhini. Mota isikae chini ya pipa la maji. Ihamishie pembeni na kuikinga.

Vumbi na maji machafu

Vumbi la gunzi lililotumika lina shaba na zinki, na koki kuukuu mara nyingi zina risasi kwa asilimia chache. Fungua pipa nje, vaa barakoa, lowesha vumbi kabla ya kufagia. Usile karibu na meza ya kazi, na usimbebe mtoto kabla ya kubadilisha nguo.

Maji ya pipa usiyamwage kwenye bustani ya lengalenga wala kwenye mfereji unaoteremka mtoni. Yakusanye ndani ya bidoni lililoandikwa SUMU, tia bikarbonati kidogokidogo mpaka povu liishe, na uache kifuniko kikiwa kimelegea. Baada ya siku kadhaa tope la kijani litatua chini. Tope likikauka, lifunge kwenye chombo kigumu na uliweke mahali watoto hawafiki, ukusanye mpaka litoshe kupelekwa kwa wanaosafisha madini. Maji yanayobaki juu, ukiona bado yana rangi ya buluu au kijani, yana shaba. Yarudishie bikarbonati na usubiri tena.